Nondo wote hawa ni viwavijeshi?

Shikamoo Mama Nondo. Nalima mahindi ekari tatu hapa Dumila. Msimu uliopita tuligawiwa mitego ya ndoo yenye chambo cha harufu kwa ajili ya viwavijeshi vamizi. Tuliambiwa tuhesabu nondo kila Jumatatu, na wakizidi tupulize. Wiki ya tatu baada ya mahindi kuota nilikuta nondo 64 ndani ya ndoo. Nikakopa, nikanunua sumu, nikapuliza mara mbili. Jirani yangu hakupuliza hata tone, na mahindi yake yalikuwa sawa na yangu, majani safi. Kijana wangu anayesoma Morogoro aliwaona nondo wale akasema huenda si wenyewe, na kwamba siku hizi nondo wanapimwa vinasaba kama watu. Kuna ukweli? Na je, pesa yangu imepotea?
Mkulima, Dumila

Marahaba mwanangu, na pole kwa deni. Nianze na lile linalokuuma: jirani yako ameshakujibu. Mashamba yamepakana, mvua ni ile ile, yeye hakupuliza na majani yake yalibaki safi. Kwa hiyo viwavi waliostahili sumu hawakuwepo, au walikuwa wachache mno. Lakini usijilaumu. Ulifuata ulichoelekezwa, na wewe ni wa tisa kuniletea barua ya namna hii tangu niliposhika ukurasa huu.

Kijana wako amesema kweli. Mtego wako hautumii mwanga. Unatumia harufu iliyotengenezwa kiwandani kuiga ile anayoitoa nondo jike anapoita dume, kwa hiyo wanaoingia ndani ni madume peke yao. Harufu hiyo ni mchanganyiko wa kemikali mbili, tatu au nne, kila moja kwa kipimo chake. Ni kama pilau: iliki, mdalasini, bizari na pilipili manga viko katika kila jiko la pwani, ila kila mama ana vipimo vyake, na anayemjua huitambua sufuria yake tangu mlangoni. Sasa yupo nondo mwingine, jina lake la kisayansi Leucania loreyi, ambaye jike lake hutumia viungo vile vile vikuu ambavyo jike la kiwavijeshi vamizi hutumia. Vipimo vinatofautiana, lakini madume yake yakinusa chambo chako huja. Watafiti walioweka mitego ya aina hii Togo walimkuta huyo ndani ya ndoo pamoja na kiwavijeshi vamizi. Kiwavi chake hula nyasi, mpunga na hata mahindi, ila si yule aliyeiliza Afrika nzima.

Utauliza kwa nini usiwatofautishe kwa macho. Nondo akiwa mzima na mkavu, inawezekana. Dume la kiwavijeshi vamizi lina bawa la mbele la kijivu-kahawia lenye madoadoa, baka jeupe penye ncha na alama ya mshazari iliyofifia katikati. Leucania ana rangi ya majani makavu, kama kumvi la mtama, na kidoa cheupe kidogo katikati ya bawa. Mabawa ya nyuma ya wote wawili ni meupe, na hapo ndipo watu wanapokosea. Halafu fikiria hali ya nondo aliyekaa ndooni siku saba akipiga mabawa, akikanyagwa na wenzake, akaingiwa na mvua. Rangi yote unayoiona juu ya nondo ni magamba madogo kama vumbi. Yakipukutika, kinachobaki ni kitu cha rangi ya majivu, na hata mimi niliyewatazama kwa darubini miaka 31 siwezi kuapa ni nani.

Zamani tulikuwa na njia moja tu. Unakata tumbo la nondo, unalichemsha taratibu katika maji ya potashi kali mpaka nyama iyeyuke, unabaki na viungo vyake vya uzazi, ambavyo ni vigumu kama ukucha. Kila spishi ina umbo lake, mfano wa ufunguo na kufuli. Nimefanya kazi hiyo hadi shingo ikakakamaa. Nondo mmoja alinichukua karibu nusu saa nikiwa nimeshazoea, na nikiharibu kwa kibanio sikuwa na wa pili. Tena njia hiyo yafaa kwa nondo mzima tu. Ukiletewa kiwavi mdogo wa siku mbili, au kishungi cha mayai kilichobanduliwa kwenye jani, hana viungo hivyo vya kutazama.

Kwa vinasaba, yai, kiwavi, pupa na nondo wote ni kitabu kimoja. Mguu mmoja unatosha. Watanzania wengi tulilisikia neno hili katika kesi za kumtafuta baba wa mtoto kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, na msingi wa kazi ni huo huo: kuna maandishi ndani ya kila chembe ya mwili, na maandishi hayo hayapukutiki kama vumbi la bawa.

Nikukumbushe kwa nini jambo hili si la anasa. Mwanzoni mwa mwaka 2016 wakulima wa Nigeria waliona mahindi yakitafunwa na viwavi, na kwa kuwa Afrika tuna kiwavijeshi chetu wa tangu enzi, Spodoptera exempta, wengi walidhani ni yeye. Mwaka huo huo watafiti waliochukua vielelezo Nigeria, Benin, Togo na São Tomé walivilinganisha kwa umbo na kwa vinasaba, wakatangaza kwamba huyu ni Spodoptera frugiperda, mgeni kutoka Amerika. Mwaka 2017 alikuwa ameshafika kwetu na Kenya. Mwaka 2018 alikuwa India, na mwaka 2020 Australia.

Wewe uko wilaya ya Kilosa, na wazee wa hapo wanamjua yule wa zamani. Huyo hulipuka baada ya mvua za kwanza, viwavi wakawa weusi, wakatembea ardhini kwa maelfu kutoka malishoni hadi kwenye nafaka, wakamaliza, wakapotea. Mgeni hatembei kwa gwaride. Jike hutaga kwenye jani, na kiwavi akishakua kidogo hushuka ndani ya moyo wa mmea na kujifungia humo na kinyesi chake kama unga wa msumeno. Ukipuliza juu ya majani kama tulivyozoea kwa yule wa zamani, sumu haimfikii. Kuna virusi vilivyofanyiwa majaribio hapa hapa Tanzania kwa ajili ya kiwavijeshi wa Afrika. Vilimwangamiza vizuri bila kugusa nyuki wala kuku, lakini ni vya kwake yeye. Ukimkosea jina mdudu, unakosea na dawa, na unakosea hata saa ya kupuliza.

Kwa hiyo msimu huu fanya hivi. Mtego uache, maana unakuambia kwamba kuna nondo eneo lenu, ila usipulize kwa sababu ya ndoo. Dume anaruka kilometa nyingi kwa usiku mmoja, na kuingia kwake ndooni hakusemi kama kuna jike aliyetaga kwako. Ingia shambani. Tembea kwa mstari wa herufi W, simama mahali matano, kila mahali kagua mimea 20, uhesabu yenye majani mapya yaliyotafunwa na kinyesi kibichi moyoni. Mwongozo uliotolewa mwaka 2018 na CIMMYT, kituo cha kimataifa cha utafiti wa mahindi na ngano, pamoja na shirika la misaada la Marekani, USAID, ulisema mahindi yakiwa machanga, mkulima mdogo achukue hatua mimea iliyoshambuliwa ikifika 20 katika kila 100, na yakikaribia kutoa mbelewele, 40 katika kila 100. Mkague na kiwavi mwenyewe: vamizi ana mstari wa herufi Y iliyopinduliwa usoni, na karibu na mkia madoa manne meusi yaliyopangwa kama pembe za mraba. Kwa kiwavi aliyekua, alama hizo zinatosha, wala huhitaji maabara. Maabara tuachie nondo wako 64. Niwekee kumi katika bahasha ya karatasi, wakavu, mwombe kijana wako anipitishie. Nitawafikisha kwa wenye mashine.

Mpendwa Mama Nondo, mimi ni mwalimu wa baiolojia, sekondari, mkoani Njombe. Wanafunzi wangu wa kidato cha nne wamesoma toleo lililopita, ulipotaja mguu wa nondo kutumika kumtambua. Wameniuliza mguu unawezaje kusema jina la spishi, na nilijibu kwa kifupi mno. Naomba msaada.
Mwalimu, Njombe

Mwalimu, umenifurahisha. Waambie wanafunzi kwamba mguu wenyewe hausemi jina. Unatoa maandishi, na sisi tunayalinganisha na maandishi ya wengine ambao majina yao tunayajua.

Waeleze hivi. Tenzi za Lamu na Pate zilinakiliwa kwa mkono, kwa herufi za Kiarabu, nakala kutoka nakala. Mwandishi akikosea herufi moja, atakayenakili kwake atalirithi kosa lile, na kuongeza la kwake. Ukiwekewa mezani nakala kumi usizozijua zilikotoka, unaweza kuzipanga kwa ukoo kwa kutazama makosa yanayofanana. Zenye makosa yale yale zimetoka mkono mmoja. Vinasaba vya nondo ni hivyo hivyo. Kila kizazi kinanakili maandishi ya herufi nne, A, C, G na T, na mara chache herufi hubadilika. Nondo wanaozaana wenyewe kwa wenyewe hubaki na maandishi yanayofanana karibu kabisa. Walioachana zamani za kale wana tofauti nyingi.

Lakini hatusomi kitabu kizima. Mwaka 2003 Paul Hebert na wenzake wa Chuo Kikuu cha Guelph, Kanada, walipendekeza kwamba kwa wanyama tuchague ukurasa mmoja, ule ule kwa kila spishi, na wakajaribu kwa nondo na vipepeo wa spishi 200. Ukurasa huo ni kipande cha jeni iitwayo COI, herufi 658. Umo katika mitokondria, vile viwanda vidogo vya nguvu ndani ya seli, na kila seli ina mitokondria nyingi, ndiyo maana hata mguu mkavu wa miaka kadhaa huwa na nakala za kutosha. Tena kipande hicho hubadilika kwa mwendo unaotufaa: polepole kiasi cha ndugu kufanana, haraka kiasi cha majirani kutofautiana. Waliipa njia hii jina la msimbo-pau, kama ile mistari nyuma ya pakiti ya majani ya chai.

Ndani ya maabara kazi ni ya mikono zaidi kuliko wengi wanavyodhani. Unang'oa mguu kwa kibanio kilichopitishwa kwenye moto, unautia katika kichupa kidogo chenye kimeng'enya kinachoyeyusha protini, unauacha katika joto usiku kucha. Asubuhi unaosha, unabaki na tone la maji ambalo kwa macho halina kitu. Tone hilo linaingia katika mashine ya PCR, ile ile tuliyoisikia kila siku wakati wa Uviko. Mashine hupasha hadi nyuzi joto 95 ili nyuzi mbili za DNA ziachane, hushuka hadi karibu 50 ili vianzishi, vipande vifupi vya DNA vinavyoonyesha pa kuanzia kunakili, vishike mahali pake, hupanda hadi 72 ili kimeng'enya kiandike nakala. Kimeng'enya hicho kinastahimili moto kwa sababu asili yake ni bakteria wa chemchemi za maji ya moto za Yellowstone, Marekani. Mzunguko mmoja huzalisha nakala mbili kutoka moja. Wape wanafunzi hesabu: mizunguko 35, kwa kudhani kila nakala inajirudia bila hitilafu. Watapata zaidi ya bilioni 34. Hapo ndipo mguu mmoja unapopata sauti.

Ninaloomba uwafundishe, Mwalimu, na ulikazie, ni kwamba mguu huchukuliwa mmoja na nondo mwenyewe hubaki. Huchomwa pini, huwekewa namba, huhifadhiwa. Maktaba ya vinasaba ikiwa na kielelezo kilichoandikwa jina lisilo lake, kila atakayelinganisha naye atarithi kosa, kama nakala za tenzi. Yule nondo aliye kwenye pini ndiye shahidi wa kurudiwa. Nimewahi kuona kijana mahiri wa mashine akitupa miili yote baada ya kupata maandishi yake. Mwaka mmoja baadaye vielelezo vitatu vilitoa majibu yasiyoelekea, na hapakuwa na cha kutazama tena. Niliumia.

Mfano wa darasani, uwape wa Brazil. Wao wana funza wao wa mahindi, Helicoverpa zea, na sisi wa Afrika, Asia na Ulaya tuna Helicoverpa armigera, funza wa vitumba wanayemjua wakulima wa pamba wa Shinyanga na Simiyu. Kwa sura huwezi kuwatenga, hata mimi hunilazimu kupasua madume. Mashamba ya soya na pamba ya Brazil yalipoanza kuliwa isivyo kawaida, vielelezo vilipimwa, na mwaka 2013 ikatangazwa kwamba aliyekuwemo ni armigera, wa kwetu, aliyevuka bahari. Miaka mitatu baadaye frugiperda wa kwao, yule kiwavijeshi vamizi, akaonekana huku. Baadaye vinasaba vilionyesha kwamba huko Brazil armigera na zea wamechanganya damu. Wanafunzi wako wa kidato cha nne wanaweza kujadili kipindi kizima: chotara wa spishi mbili, COI yake itasema nini? Itasema ya mama peke yake, maana mitokondria hurithiwa kwa mama. Ndiyo sababu ukurasa mmoja hautoshi siku zote.

Mama Nondo, salamu kutoka Kitale. Hapa kwetu mahindi ndiyo maisha. Nimesikia kwamba viwavijeshi hawa wageni ni makabila mawili, la mahindi na la mpunga, na kwamba wanasayansi wamepata la mpunga hapa Afrika. Mashemeji zangu wanalima mpunga Ahero. Niwaambie wajitayarishe? Na mwenye agrovet akiniuzia dawa, nimuulize ni ya kabila gani?
Mkulima, Trans Nzoia

Salamu zimefika, ndugu yangu. Agrovet usimuulize hilo, hakuna dawa ya kabila. Muulize dawa ni ya kundi gani la kemikali, na msimu ujao ununue ya kundi jingine. Frugiperda waliopimwa Afrika wamekutwa na mabadiliko ya vinasaba yanayowapa ustahimilivu dhidi ya sumu za jamii ya oganofosfati, na ukipiga kundi moja mwaka hadi mwaka unawachagulia sugu wazaane.

Habari ya makabila ni ya kweli, ila imefika kwako ikiwa nusu. Mwaka 1986 Dorothy Pashley, mtafiti wa Marekani, alionyesha kwamba frugiperda waliotoka kwenye mahindi na waliotoka kwenye mpunga na nyasi wana tofauti za ndani, ingawa kwa sura ni pacha. Hakuna alama ya bawa itakayokusaidia. Tangu hapo hutambuliwa kwa vinasaba tu. Njia mojawapo ilinivutia sana nilipoiona mara ya kwanza, kwa sababu haihitaji kusoma herufi moja moja. Unakuza kipande cha COI, kisha unakitia vimeng'enya vinavyofanya kazi ya mkasi. Mkasi uitwao MspI hukata kipande cha kabila la mahindi na kukiacha cha mpunga kizima, na SacI hufanya kinyume chake. Unavipitisha kwenye jeli yenye umeme, unawasha taa, unaona mstari mmoja au miwili.

Kwa mkasi huo, nondo wengi wa Afrika walionekana ni wa mpunga, na hapo ndipo maneno yalipoenea. Lakini kumbuka nilivyomwambia Mwalimu: COI ni ya mama. Watafiti wakatazama jeni nyingine, Tpi, iliyo kwenye kromosomu ya jinsia iitwayo Z. (Kwa nondo mambo ni kinyume cha kwetu: dume ana Z mbili, jike ana Z moja na W.) Kwa Tpi, wale wale wakasomeka kwa sehemu kubwa kuwa wa mahindi. Maana yake, kwa jinsi wengi wanavyoieleza, ni kwamba waliotufikia ni uzao wa mchanganyiko: bibi mzaa mama wa mpunga, ukoo uliobaki wa mahindi. Na shambani wanajiendesha kama ukoo huo, kwani madhara makubwa yaliyoripotiwa Afrika yamekuwa kwenye mahindi na mtama. Mashemeji wako wa Ahero wakague mpunga wao kama kawaida, wasitumie shilingi kwa ajili ya uvumi.

Kwa kuwa umeandika kutoka Kitale, kuna hadithi ya kwenu ambayo naipenda kuliko zote. Mnamjua funza wa mabua, yule anayetoboa bua la mhindi. Pwani ya Kenya mkubwa wao ni Chilo partellus, aliyetoka Asia. Nyanda za juu kama kwenu ni Busseola fusca, mwenyeji. Yupo nyigu mdogo mweusi, Cotesia sesamiae, hatoshi kujaza ukucha, anayetaga ndani ya funza hao na watoto wake wakamla funza akiwa hai. Yupo Mombasa na yupo Kitale, na kwa darubini ni yule yule. Lakini nyigu wa Mombasa akitaga ndani ya Busseola, damu ya funza huyazingira mayai na kuyaua. Nyigu wa Kitale akitaga ndani ya Busseola huyo huyo, mayai yanaanguliwa. Tofauti ilikuja kuonekana katika jeni za kirusi ambacho nyigu humdunga funza pamoja na yai ili kuilegeza kinga yake. Fikiria mtu mwema angewakusanya nyigu wa pwani kwa maelfu, akawapandisha lori hadi Trans Nzoia kuwaachia mashambani. Kazi yote ingeangukia patupu, na tungesema nyigu hawasaidii. Ndiyo maana watu wa icipe, kituo cha utafiti wa wadudu pale Nairobi, hawamtazami nondo peke yake, wanampima na adui yake.

Mama, kantangaze na yule nondo wa viazi ni mmoja? Nyanya zangu na viazi mviringo vimekaa jirani, na majani ya pande zote mbili yana vichoro vyeupe.
Mkulima wa Ilula, Iringa

Si mmoja, ni ndugu. Kantangaze, aliyejulikana kwa jina la Tuta absoluta, aliingia Tanzania mwaka 2014 baada ya kuonekana Hispania mwaka 2006, na wa viazi tunaye tangu zamani sana. Wanafanana hadi wanasayansi wamewaweka jenasi moja, Phthorimaea, na viwavi wao wote wanaweza kuchimba majani ya nyanya na ya viazi. Kipande kidogo cha kiwavi kinatosha kuwatenga kwa vinasaba. Kwako lakini, tazama matunda: nyanya zikitobolewa karibu na kikonyo, mtuhumu kantangaze. Viazi vikitobolewa ghalani, ni yule mwingine. Weka chambo cha kila mmoja katika mtego wake, usichanganye.

Shikamoo Mama. Mimi ni afisa kilimo wa kata, nina miezi minne kazini. Nilituma viwavi maabara kwa basi, vikafika vimeoza. Nifanye nini visioze?
Afisa kilimo, Mvomero

Marahaba, na karibu kazini, mwanangu. Mwaka ule wa 2017 tulipokea viwavi katika chupa za maji ya kunywa, katika makopo ya mafuta ya kupakaa, kimoja hata katika gazeti. Wengi walikuwa tope, na tope hutoa vinasaba vya bakteria kuliko vya mdudu.

Usiweke viwavijeshi vamizi wazima pamoja. Wanatafunana: ukipakia watano katika kopo moja, unaweza kufikisha mmoja aliyeshiba. Kila mmoja na kichupa chake, na aingie moja kwa moja katika ethanoli ya asilimia 95 au zaidi. Ukikosa, spiriti ya dukani ni afadhali kuliko maji, lakini fomalini usiguse, inaharibu vinasaba kabisa hata kama mdudu atapendeza kwa macho. Kiwavi ana maji mengi mwilini, na maji hayo huipunguza nguvu ethanoli. Kwa hiyo siku ya pili imwage, utie mpya, halafu ndipo upeleke stendi. Nondo mtu mzima usimtumbukize, mabawa yataharibika. Mkaushe kivulini, mweke katika bahasha ya karatasi, wala si mfuko wa plastiki, maana ataota ukungu.

Ndani ya kila kichupa tia kikaratasi chenye kijiji, tarehe, mmea aliokutwa akila, na jina lako. Andika kwa penseli. Wino wa kalamu huyeyuka ndani ya ethanoli, na ukifika kwetu tunabaki na mdudu mzuri asiye na kwao.